Kwa nini Vim inapepesa kwenye VT220

Swali: "Nimepata terminali ya zamani, VT220, nikaiunganisha na kompyuta yangu ya Linux kwa kebo ya siriali, baudi 9600. Naingia vizuri, na `ls` inafanya kazi. Vurugu huanza nikifungua Vim, kihariri changu cha matini. Maneno mengine yanapepesa, mengine yamegeuzwa, giza ndani ya mwanga. Mstari unaotenganisha madirisha umekuwa herufi za ajabu, na nikibonyeza `j` kushuka mstari mmoja nasubiri hadi nachoka. Faili hilo hilo kwenye laptop liko safi. Kwenye `.bashrc` nimeweka `export TERM=xterm-256color`, maana bila hiyo rangi zilikuwa hazitoki. Sitaki kutunza vimrc (faili la mipangilio ya Vim) mbili. Nifanyeje?"

Jibu: Mchawi wako yuko kwenye `.bashrc`, na wewe mwenyewe umemtaja. Tuanze naye, kwa sababu usipomwondoa kwanza, kila utakachorekebisha ndani ya Vim kitakuwa kupaka rangi ukuta wenye unyevu.

Vim haina macho. Haijui kama mbele yako kuna kioo cha laptop au kisanduku cha mwaka 1983 chenye herufi za kijani. Inachojua ni jina lililoandikwa kwenye `TERM`, kigeu kinachotaja aina ya terminali. Inalichukua jina hilo, inalitafuta kwenye hifadhidata ya terminfo, na kusoma humo namna ya kufuta skrini, kusogeza kursa, kuwasha herufi nzito, na idadi ya rangi zilizopo. Wewe umeiambia kuwa inazungumza na xterm, programu ya dirisha la terminali, yenye rangi 256. Imekuamini. Sasa inatuma amri za xterm kwa mashine ambayo haijawahi kusikia habari za rangi.

Ukitaka kuona ushahidi, andika hii ukiwa kwenye hiyo VT220:

```
printf '\033[38;5;7mhabari\033[0m\n'
```

Kwenye xterm utapata neno lenye rangi ya kijivu. Kwenye VT220 utapata neno linalopepesa huku limegeuzwa. Ni kwa sababu amri ile ni orodha ya namba zilizotenganishwa na nukta-mkato. Xterm inazisoma zote tatu kama sentensi moja: "rangi ya herufi, kutoka kwenye jedwali, namba 7". VT220 inazisoma moja moja. 38 haiifahamu, inairuka. 5 kwake ni kupepesa. 7 ni kugeuza. Kama rangi ya maoni (maelezo ya mwandishi ndani ya programu) kwenye mandhari yako ya rangi ni namba 244, terminali itairuka 244 pia, na utabaki na maoni yanayopepesa tu. Ikiwa ni namba 4, yatapepesa yakiwa na mstari chini. Kwa hiyo vurugu unayoiona ina utaratibu kamili: ni rangi zako zilezile, zimesomwa kwa lugha nyingine. Kerneli za zamani za Linux nazo zilikuwa na ugonjwa wa namna hiyo kwenye kiweko chao (ile skrini nyeusi isiyo na madirisha), 38 zikiielewa kama "washa mstari chini".

Dawa: futa ule mstari. Usiubadilishe kuwa `TERM=vt220` ndani ya `.bashrc`, kwani hapo utakuwa umeihamishia laptop ugonjwa wa terminali. Jina la terminali hutolewa na anayeijua. Kwenye laptop, programu ya dirisha la terminali hujitaja yenyewe. Kama rangi hazikutoka huko, rekebisha kwenye mipangilio ya programu hiyo. Ukiingia mashine nyingine kwa ssh, jina husafiri pamoja nawe. Kwenye poti ya siriali, anayejua ni `agetty`, ile inayokuonyesha maneno ya kuingia, na jina huandikwa mwishoni mwa amri yake:

```
agetty -L ttyS0 9600 vt220
```

Ukishaingia upya, pima. `echo $TERM` ijibu `vt220`. `tput colors` ijibu `-1`, yaani hakuna rangi. `stty size` ijibu `24 80`. Waya wa siriali haubebi habari za ukubwa wa skrini, kwa hiyo hiyo ya mwisho ikitoa `0 0`, andika `stty rows 24 cols 80`. Hapa ndipo mimi nilipopoteza jioni nzima zamani, nikibadilisha kebo moja baada ya nyingine. Kebo zilikuwa nzima.

Fungua Vim sasa. Kupepesa kumeisha. Na yale mabaki kama `[>4;2m` ambayo huenda uliyaona kwenye kona mara Vim inapofunguka yameisha pia, maana hayo ni maagizo ambayo Vim huituma terminali inayojiita xterm.

Tuje kwenye herufi za ajabu. Mpaka wa madirisha kwenye vimrc yako bila shaka ni `│`, ule mstari mrefu wa kuchora masanduku. Katika UTF-8, namna ya leo ya kuandika herufi kwa baiti, herufi hiyo ni baiti tatu: E2, 94, 82. VT220 ilitoka kabla UTF-8 haijazaliwa. Inasoma kila baiti kama herufi kamili kutoka kwenye jedwali la kampuni yake, DEC. E2 ni `â`. 94 na 82 si herufi kabisa, ziko kwenye eneo la amri za kudhibiti. Hiyo ndiyo sehemu ya hatari: maandishi yako yanaweza kuiamuru terminali ifanye jambo ambalo hukuliomba.

Usidhani Kiswahili kimesalimika kwa kuwa hakina herufi zenye vikorombwezo. Andika "ng'ombe" kwa kibodi ya kawaida, alama ile ni baiti moja, salama popote. Lakini nakili neno hilo kutoka kwenye hati iliyopitia programu ya ofisi, utakuta alama imepindwa kuwa `’`, baiti E2 80 99, na kwenye VT220 ng'ombe wako anatoka na `â` katikati na pengine mstari umeharibika.

Vim ina chaguo linalotatua hili bila kugusa faili: `termencoding`. Ndani, maandishi yanabaki UTF-8. Yanapopelekwa kwenye terminali ndipo yanatafsiriwa. Weka `latin1`, jedwali la zamani la herufi za baiti moja moja, ambalo linafanana kwa sehemu kubwa na jedwali la DEC. Herufi isiyo na mwenzake itaonekana kama alama ya kuuliza iliyopinduka, na faili litahifadhiwa likiwa zima. (Anayetumia Neovim hana chaguo hili, liliondolewa. Kwa terminali za umri huu mimi narudi kwa Vim bila kusita.) Hakikisha pia VT220 yenyewe imeruhusiwa kupokea biti nane: bonyeza F3, ndicho kitufe chake cha mipangilio, na kwenye mawasiliano chagua biti 8 bila pariti. Ikibaki kwenye biti 7, hata `â` hutaipata.

Kuna faida ndogo hapa ambayo wengi hawaijui. Si lazima urudi kwenye unyonge wa alama za ASCII tupu. `»` na `·` zipo kwenye latin1 na zipo kwenye jedwali la DEC, mahali palepale. Kwa hiyo alama za tab na za nafasi zilizosahaulika mwishoni mwa mstari zinaweza kubaki nzuri. Vinavyokufa ni vimishale, pembetatu na masanduku.

Sasa polepole, ambayo ndiyo itakayokufukuza kwenye mashine hii kama hutaishughulikia. Piga hesabu pamoja nami. Kwenye waya, kila herufi hubebwa na biti kumi: nane zake, moja ya kuanza, moja ya kumaliza. Baudi 9600 ni herufi 960 kwa sekunde. Skrini ya mistari 24 kwa safu 80 ni herufi 1,920. Kuijaza yote ni sekunde 2 kamili, na hakuna kichakataji kitakachobadilisha hilo.

Lakini wewe hutumi maandishi peke yake. Amri ya rangi kama `ESC[38;5;244m` ni baiti 11, na kuizima ni nyingine kadhaa. Ziite 15 kwa kila neno lenye rangi. Mstari wa programu wenye maneno manane ya rangi unabeba baiti 120 za rangi, wakati maandishi yake yenyewe pengine ni 40. Zidisha kwa mistari 23: maandishi ni chini ya sekunde moja, rangi ni karibu sekunde tatu. Ulikuwa unasubiri rangi ambazo terminali haiwezi kuzionyesha.

Ile `j` yako sasa. Nina hakika una `relativenumber`, namba za mistari zinazohesabiwa kuanzia ilipo kursa. Ukishuka mstari mmoja, namba zote pembeni hubadilika, kwa hiyo Vim hulazimika kupita kila mstari: peleka kursa pale, washa rangi, andika namba, zima rangi. Baiti kama 25 kwa mstari, mistari 23, unafika karibu 600. Zaidi ya nusu sekunde kwa kubonyeza kitufe kimoja, wakati kusogeza kursa kwenyewe kungekula baiti chache tu. Ongeza `cursorline`, inayochora upya mstari unaotoka na unaoingia. Ongeza programu-jalizi ya mstari wa hali inayojichora kila kursa inapotikisika. Zima zote hizo tatu. `incsearch` nayo ni mwizi wa kimyakimya, maana unapoandika neno la kutafuta, skrini huruka kwa kila herufi unayoongeza, na kila kuruka kunaweza kukugharimu skrini nzima.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye vimrc, ni mazoea: gawanya dirisha kwa ulalo, usiligawanye kwa wima. VT220 inajua kuviringisha sehemu ya skrini yenyewe. Vim huiambia "kuanzia mstari wa 3 hadi wa 12, sogeza juu", halafu inatuma mstari mmoja mpya tu. Ila sehemu hiyo huchukua upana wote wa skrini. Ukiwa na madirisha mawili yaliyosimama ubavu kwa ubavu, kuviringisha moja kungevuruga jirani yake, kwa hiyo Vim huacha ujanja huo na kuandika upya kila mstari wa dirisha lako. Tofauti utaisikia kwenye vidole. Na ukiingia F3 tena, chagua kuviringisha kwa kuruka. Kule kwa kuteleza kunapendeza macho kwa dakika ya kwanza tu.

Kama kebo ni fupi na imetulia, panda hadi 19200, ndiyo kasi ya juu kabisa ya VT220, na kila hesabu hapo juu inagawanyika kwa mbili. Lakini fanya usafi kwanza. Bill Joy aliandika vi, mzazi wa Vim, akiwa Berkeley akitumia modemu ya baudi 300, ambayo skrini nzima kwake ingekuwa zaidi ya dakika moja. Ndiyo maana amri za vi ni fupi hivyo, na ndiyo maana Vim, chini ya mapambo yote, bado inajua kubana matumizi ukiiruhusu.

Kinachobaki ni kuona sintaksia, yaani muundo wa msimbo, bila rangi. Wengi hapa huandika `syntax off` wakakata tamaa. Mapema mno. Kila kundi la sintaksia kwenye Vim lina nguo tatu: `gui`, `cterm`, na `term`. Hiyo ya tatu ndiyo ya mashine zisizo na rangi, na Vim huivaa yenyewe ikikuta idadi ya rangi ni sifuri. VT220 ina vitu vinne vya kuchezea: mwanga zaidi (ndivyo herufi nzito zinavyotokea kwake), mstari chini, kugeuza, na kupepesa. Kupepesa sahau.

Mpangilio wa kawaida wa Vim siupendi. Unayapa maoni herufi nzito, sawa na maneno ya amri, na kupigia mstari karibu kila kitu kilichobaki. Ukurasa unakuwa kama daftari la mwanafunzi aliyepigia mstari kitabu kizima. Kwangu mimi, mwanga ni wa maneno ya amri tu, mstari chini ni wa matini yaliyo kwenye alama za kunukuu, na kugeuza ni kwa kilichochaguliwa au kutafutwa. Mengine yakae kimya.

Haya yote yanaingia kwenye vimrc ileile moja, mwishoni kabisa:

```
set encoding=utf-8

if &t_Co < 8
  " terminali isiyo na rangi
  set termencoding=latin1
  set notermguicolors
  set nocursorline norelativenumber nonumber
  set noincsearch nohlsearch
  set noshowcmd noruler laststatus=1
  set fillchars=vert:\|,fold:-
  set listchars=tab:»\ ,trail:·
  set lazyredraw scrolljump=5
  set ttimeout ttimeoutlen=100
  syntax on
  hi Comment    term=NONE
  hi Identifier term=NONE
  hi Type       term=NONE
  hi PreProc    term=NONE
  hi Special    term=NONE
  hi Statement  term=bold
  hi Constant   term=underline
else
  set relativenumber cursorline
  set fillchars=vert:│
  colorscheme desert
endif
```

Weka mandhari yako mahali pa `desert`. Usiitoe `colorscheme` nje ya `else`, na usipandishe mistari ya `hi` juu ya `syntax on`: zote mbili husafisha ubao na kuanza upya, na kazi yako itafutika. Programu-jalizi ya mstari wa hali ihamishie nayo ndani ya `else`. `scrolljump=5` inaifanya skrini isogee mistari mitano kwa mpigo kursa inapofika ukingoni, badala ya mmoja mmoja. Kwa siku ya kwanza inaudhi.

Neno kwa wasomaji ambao "kiweko cha zamani" kwao ni skrini nyeusi ya Linux isiyo na madirisha. Kwenu `TERM` ni `linux` na `tput colors` hujibu 8, kwa hiyo mtaingia kwenye `else`, na mengi yatakwenda sawa kwa kuwa kasi si tatizo. Mtakutana na mambo mengine. Maoni ya bluu iliyokoza juu ya nyeusi, yasiyosomeka: hiyo hutokea `TERM` ikidanganya kuwa ni xterm na Vim ikadhani usuli ni mweupe. Ikijua ni `linux`, huchukua usuli wa giza yenyewe na maoni yanakuwa samawati ya kung'aa. Bluu yenyewe inaweza kulainishwa, maana kiweko cha Linux hukubali kubadilishiwa rangi za jedwali lake: `printf '\033]P46688ff'` huibadilisha namba 4. Mstari chini mara nyingi hautauona kama mstari, kerneli huuonyesha kwa rangi tofauti, msishangae. Herufi zinazoonyeshwa kama kisanduku au alama ya kuuliza ni suala la fonti: fonti ya kiweko hubeba maumbo 256 au 512, basi, na hubadilishwa kwa `setfont`. Ila kwenye hali ya matini ya VGA, fonti ya maumbo 512 hulipiwa kwa rangi. Kila herufi ina baiti moja ya sifa, na biti iliyokuwa ya mng'ao hukopwa kuchagua umbo, kwa hiyo rangi 16 za herufi zinakuwa 8.

Turudi kwenye VT220 yako, kuna mambo mawili ya kibodi yatakayokupata leo hii. Kwanza, haina kitufe cha Esc. F11 hutuma Esc terminali ikiwa kwenye hali ya VT100. Kwenye hali yake ya kawaida hutuma kitu kingine kabisa. Tumia Ctrl na `[`, ambayo kwa Vim ni Esc yenyewe bila tofauti yoyote. Pili, kama umezoea Ctrl-S kuhifadhi, umeshawahi kuandika `stty -ixon` mahali fulani ili isigandishe skrini. Iondoe kwenye waya huu. VT220 yenyewe hutuma ishara hiyohiyo inapolemewa, kuiomba kompyuta isubiri kidogo. Kompyuta ikiwa imeambiwa isisikilize, herufi zitapotea katikati ya mstari, na utarudi kulaumu kebo.

Ukimaliza, pima badala ya kukisia. Endesha `script -c 'vim faili.c' /tmp/pato`, bonyeza `j` mara kumi, toka kwa `:q`, kisha `wc -c /tmp/pato`. Fanya hivyo mara moja na vimrc ya zamani na mara moja na hii. Gawa kila namba kwa 960, hizo ni sekunde ulizokuwa ukizitumia kusubiri.